Jaribio la Mnunuzi na Kinywa cha Muuzaji

Mtu akiisha kukikagua kitu kwa macho yake, akakishika kwa mikono yake, akakitumia kwa saa moja au mbili kabla hajatoa fedha, je, huwa amemwondolea muuzaji deni la kuzisema ila anazozijua? Swali hili ni kongwe kuliko magari, na wanavyuoni wa dini pamoja na wanafalsafa walilishughulikia tangu zama za ngamia, farasi na shehena za ngano. Lakini katika mji wa Bukoba, na katika wilaya ya Muleba iliyo kusini yake, limerudi na sura mpya, nayo ni sura ya gari dogo lenye umbo la jeep, ambalo mkuu wa aila hulizunguka kwa taadhima, akalipiga tairi lake teke bila ya kujua anatafuta nini, kisha akaomba ufunguo ili alijaribu barabarani.

Magari ya namna hiyo hayahitaji sifa ndefu. Tangu kampuni ya Toyota ilipotoa RAV4 mwaka 1994, gari lililovaa umbo la gari la porini juu ya bodi ya gari dogo la mjini, bila ya ile chesisi nzito ya Land Rover waliyoipanda madaktari na wamisionari wa zamani, gari hilo na ndugu zake, akina Escudo, X-Trail na Forester, yamekuwa yakitoka Japani yamekwisha kutumika, yakashushwa Dar es Salaam, yakavuka nchi nzima mpaka ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Viktoria. Sababu ya kupendwa kwake huku ni bayana. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na ingawa barabara kuu ina lami, watu hawaishi juu ya lami. Wanaishi vibanjani, katikati ya migomba na mibuni, na baina ya kibanja na lami pana njia ya udongo mwekundu ambayo mvua ikinyesha usiku huamkia imechimbika, na gari lenye uvungu mfupi huiacha njia hiyo kwa matusi ya dereva wake. Wala gari la aila katika mkoa wa Kagera si la mtu mmoja. Alfajiri hubeba wanafunzi. Ijumaa huenda msikitini na Jumapili kanisani. Ukitokea msiba hubeba wazee waliobanana kuliko idadi ya viti. Wakati wa mavuno hupakia magunia ya kahawa na mikungu ya ndizi. Na usiku wa manane, mama akishikwa na uchungu, ndilo linalopandishwa kwenda Ndolage au Rubya hospitalini.

Sasa tazama jinsi gari hilo la kazi nyingi linavyojaribiwa. Dalali, ambaye aghalabu si mwenye mali bali ni ulimi wa kukodi, husema maneno ambayo kila mnunuzi ameyasikia: "Mzee, hii gari haidai kitu, wewe ni kuwasha na kuondoka." Kisha humwongoza kwenye barabara ya ufukweni, iliyo tambarare na laini, madirisha yamefungwa, redio inaimba, watu wawili tu ndani na buti tupu, wakaenda mpaka karibu na uwanja wa ndege, wakageuza, wakarudi. Mnunuzi hushuka akitabasamu. Huyo hakujaribu gari, alitembezwa. Na gari alilotembezwa nalo, tupu na juu ya lami, si lile atakaloliendesha mwezi ujao lina watu saba na mikungu minne likishuka mlima katika mvua.

Jaribio lenye insafu lina taratibu nyingine, na mafundi wa mjini huzijua vyema kuliko madalali. Huanza asubuhi, injini ikiwa baridi, na jambo la kwanza ni kuweka kiganja juu ya boneti kabla ya ufunguo kuzungushwa, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto na mwenyewe yaweza kuwa imefichiwa ugumu wake wa kuwaka na moshi wake wa mwanzo; na moshi nao una habari zake, wa buluu ukisema kwamba oili inaungua, na mweupe mzito usiokoma ukisema kwamba maji yameingia mahali pasipo pake. Kifuniko cha oili kikifunguliwa na kuonekana utando kama maziwa, mazungumzo yaweza kuishia hapo hapo. Tairi lina tarakimu nne ubavuni, na 3219 maana yake ni kwamba lilitengenezwa katika juma la 32 la mwaka 2019, hata kama kashata zake zingali nene. Baada ya hayo ndipo safari huanza: kusini kupitia Kemondo hadi Muhutwe, na hapo kupanda kuelekea Kamachumu pamoja na watu wazima wanne ndani, ili gia ya otomatiki ionyeshe kama inasitasita mzigo ukiizidi; kukata usukani mpaka mwisho mahali pa wazi na kusikiliza kama viungo vya ekseli za mbele vinagonga; na zaidi ya yote kushuka, kwani kupanda huipima injini tu, ilhali mteremko huzipima breki, usukani, matairi na akili ya dereva kwa pamoja. Na afadhali safari ikutwe na giza, ili taa nazo zijulikane hali yake.

Hata hivyo, mtu aliyetimiza yote hayo amejua tu yale ambayo gari haliwezi kuyaficha. Yale ambayo binadamu ameyaficha katika gari ni mlango mwingine. Katika dashibodi pana taa ndogo ya mifuko ya hewa, ile inayofumuka kumkinga mtu wakati wa mgongano. Ufunguo ukizungushwa taa hiyo huwaka kwa muda mfupi, kisha huzimika, kuonyesha kwamba mifuko ipo na mitambo yake ni mizima. Mifuko ikiwa ilikwisha kufumuka katika ajali ya zamani na haikurudishwa, taa hiyo hubaki inawaka siku zote, na kuirudisha mifuko ni gharama kubwa. Kwa hiyo wako wauzaji katika nchi nyingi ambao huiondoa taa yenyewe, dashibodi ikatulia, na mnunuzi asiyejua kwamba taa hiyo lazima iwake kwanza ndipo izimike, huuona utulivu huo akauhesabu kuwa uzima. Hapa jaribio limekwisha kuharibiwa kabla halijaanza. Mnunuzi hakunyimwa nafasi ya kutazama. Alipewa nafasi hiyo, na kile alichokitazama kilipangwa kimdanganye.

Hila hiyo si mpya. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alikataza kumwacha ngamia au kondoo bila kukamuliwa kwa siku kadhaa kabla ya kuuzwa, ili kiwele kivimbe na mnunuzi adhani kwamba amepata mnyama wa maziwa mengi; na aliyenunua kwa namna hiyo akapewa hiari ya kumrudisha hata baada ya kumkamua. Angalia vizuri hukumu hiyo. Mnunuzi alikiona kiwele, pengine alikishika, na hapana aliyemfumba macho. Lakini kuona kwake hakukuhesabiwa kuwa hoja ya kumtetea muuzaji, kwa kuwa kilichoonekana kilikuwa kimetengenezwa. Na mashuhuri vilevile ni habari ya sokoni, Mtume alipotia mkono katika chungu ya nafaka iliyokauka juu, vidole vyake vikakuta unyevu chini. Mwenye mali akajitetea kwa mvua, naye akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu watu wakaiona. Mvua haikuwa kosa lake. Kupanga chungu kulikuwa kosa lake.

Wanafalsafa wa Kirumi na Kiyunani waligawanyika katika jambo hili, na Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu cha mwaka 44 kabla ya Kristo, alizihifadhi pande mbili kwa majina: Diogenes wa Babeli, aliyeona kwamba muuzaji atangaze zile ila ambazo sheria inamlazimisha kuzitangaza, asidanganye, na zaidi ya hapo anyamaze auze, kwani kutokusema si sawa na kuficha, na mwanafunzi wake Antipater, aliyeona kwamba wanadamu ni jamaa moja, na ajuaye jambo ambalo mwenzake angelilihitaji hana ruhusa ya kulifungia kifuani kwa faida yake. Cicero alimfuata Antipater. Sheria yetu ya Tanzania, kwa kiasi fulani, imesimama karibu zaidi na Diogenes: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, yenye asili ya Kiingereza, humtaka mfanyabiashara wa bidhaa za aina fulani auze kitu chenye ubora wa kuuzika, lakini mnunuzi akiisha kukikagua, hana dai kwa sharti hilo juu ya ila ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzionyesha. Hivyo yule aliyetembezwa ufukweni huenda akajikuta amedhoofisha haki yake kwa sababu ya kutembezwa kwenyewe, na dalali mwerevu analijua hilo anaposema kwa ukarimu, "Chukua, kajaribu mwenyewe."

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, na ambaye jina lake si geni kwa mapadre waliolelewa katika seminari ya Rubya, alilipasua jambo hili kwa kisu kikali zaidi. Farasi mwenye jicho moja, alisema, ila yake iko wazi. Muuzaji akishusha bei kwa kadiri yake, si lazima aipigie mbiu. Lakini ila isiyoonekana, yenye kumtia mnunuzi katika hasara au hatari, hiyo lazima isemwe, kwa mfano nyumba inayokaribia kuanguka inapouzwa kama nyumba imara. Na asiyeijua ila ya mali yake hana dhambi, lakini akija kuijua baadaye yampasa kumfidia aliyenunua. Gari lenye kioo cha pembeni kilichovunjika ni farasi wa jicho moja. Gari ambalo taa ya mifuko ya hewa imeng'olewa ni nyumba inayokaribia kuanguka.

Mimi nakubaliana na mgawanyo huo, lakini naona kuna watu ambao wanavyuoni hawa wote, walipokuwa wakizungumza juu ya farasi, ngamia na ngano, hawakuwatazama sana. Waliuchukua uuzaji kuwa jambo la watu wawili, na ridhaa ya mnunuzi ikawa ndiyo mizani. Lakini ridhaa ni mali ya mwenye kuridhia: mnunuzi aweza kuisamehe haki yake mwenyewe, akasema, "Nimeliona, nimelijaribu, nalichukua kama lilivyo"; hawezi kuisamehe haki ya binti aliyelala kwenye kiti cha nyuma, wala ya bibi anayepelekwa kliniki, wala ya mwendesha bodaboda watakayekutana naye kwenye kona, wala ya wanawake wanaouza ndizi kando ya barabara. Hao hawakuzungusha ufunguo, wala hapana aliyewauliza. Watu wa Bukoba hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa vitabu, kwani asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba ikapitia Kemondo, ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya roho yakapotea. Na hapana abiria aliyepewa nafasi ya kuijaribu meli kabla ya kukata tikiti. Siulinganishi msiba ule na soko la magari, hasha. Natoa humo neno moja tu: hatari iliyomo katika chombo aghalabu huwalipisha watu ambao hawakuwa na namna ya kuikagua.

Kwa hiyo ila za gari nazigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ila za mali: rangi iliyofifia, redio isiyoimba, kilomita zilizorudishwa nyuma, ulaji wa mafuta, na hapa Diogenes aachiwe nafasi kidogo, isipokuwa katika hizo kilomita, ambazo si kunyamaza bali ni uwongo ulioandikwa kwa tarakimu. Fungu la pili ni ila za roho: breki, usukani, matairi, mikanda na mifuko ya hewa. Katika fungu hili jaribio la mnunuzi, liwe refu namna gani, halimwondolei muuzaji hata herufi moja ya wajibu wake, maana mwenye kulijaribu hakuwa wakili wa wote watakaopanda. Na wako wanaolipeleka gari kanisani likanyunyiziwa maji ya baraka, au wakalisomea dua, siku ile ile walipolinunua. Ni desturi njema, nami siidharau, lakini sijasikia kwamba imewahi kuziba bomba la breki linalovuja.

Mnunuzi naye si malaika. Kitabu cha Mithali kilimjua zamani yule anayekitukana kitu mbele ya mwenyewe, kisha akaenda zake akijisifu. Na wako wanaoomba kujaribu gari bila ya nia ya kununua, ili wapate safari ya bure kwenda msibani Muleba. Zaidi ya hayo, mnunuzi wa leo ni muuzaji wa miaka mitano ijayo, na ila aliyofichwa akaigundua mwenyewe huja kuificha kwa mwingine kwa hoja kwamba naye alifichwa, gari likaenda hivyo mkono kwa mkono mpaka limkute asiye na wa kumwuzia.

Ndugu msomaji, ukienda kununua gari la aila yako, chukua fundi asiye wa dalali, chukua mlima, na chukua mzigo. Lakini ukirudi usikabidhi fedha kwa kuwa umeridhika na safari. Mwulize mwenye gari, mbele ya shahidi, juu ya breki, usukani, matairi, mikanda na mifuko ya hewa, kila kimoja kwa jina lake, na majibu yake yaandikwe ndani ya mkataba wa mauzo kabla ya saini. Akikataa kuyaandika, mrudishie ufunguo.