Uzito wa Begi

Tangu Jambojet ianze kuruka mwaka 2014, mtu wa kipato cha kiasi huweza kutoka Mombasa asubuhi akaswali adhuhuri Nairobi. Kampuni za namna hii huuza kiti kitupu. Mzigo mkubwa na chakula hulipiwa mbali. Wako wanaoisifu nauli nyumbani, kisha wakamtukana karani penye mizani. Amewadhulumu nini, nao sharti walilikubali? Kampuni nayo ikivunja safari usiku, ikawaacha wazee sakafuni bila maji wala habari, urahisi wa nauli hauiondolei deni.

Lakini linalonisumbua ni langu mwenyewe. Safari moja ruhusa ilikuwa kilo 7. Kijana mmoja akaniambia, “Maalim, nishikie begi hili mpaka nipimiwe.” Nikalishika, nikidhani nimefanya ihsani. Tuko angani ndipo nikakumbuka: wiki ile ile nilikuwa nikiwasomesha watoto tafsiri ya Suratul Mutaffifin, nikawaeleza kuwa wapunjao vipimo ni wauza mchele na sukari.

Haki ile niliisaidia kuliwa, na mwenyewe simjui nikamtake radhi. Tuliposhuka, kijana alinibusu mkono.