Kadiri Itoshayo

Katika maswali ambayo mtu hujiuliza kila siku, ni machache yaonekanayo madogo kuliko hili: "Kiasi gani chatosha?" Mama hujiuliza hivyo apimapo unga wa chakula cha jioni, fundi wa nguo hujiuliza akatapo kitambaa, mwanafunzi hujiuliza agawapo saa zake baina ya usingizi na kitabu. Wazee wa pwani walikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja, na kwa vipimo hivyo waliuziana nafaka bila ya ugomvi. Lakini kibaba hakikumwambia mtu apike vibaba vingapi. Kipimo huhesabu, hakichagui. Kuchagua ni kazi ya akili na moyo, na hapo ndipo swali la hesabu ligeukapo kuwa swali la tabia.

Nataka tulichunguze swali hili kwa mfano wa siku zetu, nao ni wa kijana aundaye kompyuta yake mwenyewe nyumbani. Tumweke Baba Dogo, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, mahali ambapo viwanda na nyumba za kupanga zimekaa ubavu kwa ubavu, si mbali na Korogocho na Lucky Summer. Kijana wa namna hii hanunui kompyuta nzima dukani, kwa kuwa bei yake humshinda. Hununua sehemu mojamoja, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika kwingine: sanduku mwezi huu, mwezi ujao ule ubao mkuu ambao mafundi huuita madabodi, kisha prosesa, kisha diski. Haba na haba hujaza kibaba. Mwishowe hubaki jambo moja la kuamua: aweke kumbukumbu kiasi gani? Gigabaiti 4, 8, 16 au 32? Fedha aliyo nayo ni ya kuhesabu, na nyumbani dada yake mdogo angoja karo ya muhula ujao. Kwa hiyo kila gigabaiti atakayoiongeza ina mtu mwingine aidaiye, ingawa mtu huyo hatasema neno.

Yafaa kwanza tujue kumbukumbu hii ni kitu gani, maana jina lake laweza kutupotosha. Si mahali pa kuwekea barua na picha kwa miaka. Hiyo ni kazi ya diski. Kumbukumbu, ambayo mafundi huiita ramu, hushika yale tu yafanyiwayo kazi wakati ule, na umeme ukizimika huyasahau yote. Ifananishe na meza ya fundi cherehani, na diski uifananishe na kabati lake. Meza ikiwa ndogo kuliko kitambaa, fundi hukunja upande huu ili akunjue ule, huinuka kwenda kabatini na kurudi, na jua hutua nguo haijakamilika. Ndivyo ilivyo kompyuta yenye kumbukumbu haba. Kazi ikizidi nafasi, mashine hupeleka sehemu ya kazi kwenye diski na kuirudisha tena, na diski, hata iendayo mbio sana, huenda polepole mara nyingi kuliko kumbukumbu. Lakini meza ikiwa kubwa mara nne kuliko kitambaa, fundi hashoni kwa haraka mara nne. Ni kweli kwamba kompyuta huweza kuitumia nafasi iliyobaki kushikia vitu ilivyovisoma karibuni, ila faida hiyo hupungua upesi, na baada ya hapo meza ni mbao tupu zilizolipiwa. Upungufu huadhibu waziwazi, na ziada hailipi.

Wahenga wametuachia mashauri mawili juu ya jambo kama hili, nayo hayapatani. Kwa upande mmoja wamesema akiba haiozi. Kwa upande wa pili wametuonya tusikate mbeleko kabla ya mwana kuzaliwa. Ni haki tumsikilize kila mmoja.

Mwenye shauri la akiba ana hoja nzito. Atasema kwamba programu hukua mwaka hata mwaka, na mashine itoshayo leo haitatosha kesho. Ushahidi wake si wa kubuni. Programu kuu iitwayo Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, ilidai kumbukumbu isiyopungua megabaiti 64. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, yadai isiyopungua gigabaiti 4. Katika miaka 20 dai dogo kabisa liliongezeka mara 64. Atasema pia kwamba bei haingojei mtu. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda sana duniani, kwa sababu makampuni yajengayo mitambo mikubwa ya akili unde yalinunua nyingi mno. Aliyengoja alilipa zaidi ya aliyetangulia. Na maskini, atasema, ndiye asiyeweza kununua mara mbili.

Mwenye shauri la mbeleko naye ana lake. Atasema kwamba akiba ya mahindi huweza kuliwa katika nyumba yoyote, lakini akiba ya kumbukumbu imefungwa kwenye ubao wake. Kibao cha aina ya DDR3 hakiingii katika madabodi ya DDR4. Hata pengo lililochongwa ukingoni mwake liko mahali pengine ili kisiweze kuingia. Mashine ikiharibika, akiba nayo yaweza kupoteza kazi. Tena chombo kina kikomo chake. Kompyuta iendeshwayo kwa programu kuu ya zamani ya biti 32 huhesabu mahali 4,294,967,296 tu pa kuwekea kitu kwa njia yake ya kawaida, yaani gigabaiti 4. Mtu akiiwekea 16 programu hiyo haitaziona zilizozidi, kama vile mtungi haujui maji yaliyomwagika nje yake. Akiba hii haiozi, lakini hupitwa.

Tufuate lipi, basi? Naona kwamba kila mmoja wa washauri hawa amesahau kuuliza jambo moja, nalo ni kazi yenyewe. Kutosha si sifa ya kitu. Hakuna gigabaiti zitoshazo kwa asili yao, kama vile hakuna kamba ndefu kwa asili yake. Iko kamba ifikayo majini na kamba isiyofika, na kisima ndicho kiamuacho. Kijana aandikaye insha, asomaye magazeti na kufuata masomo yake kwa intaneti atapata raha kwa gigabaiti 8. Kijana ahaririye filamu za arusi ili alipwe, 16 au 32 kwake si anasa, ni kama msumeno kwa seremala. Aulizaye "ngapi?" kabla ya kuuliza "za nini?" ameanza kusoma kitabu kutoka ukurasa wa mwisho.

Historia ya mashine hizi yathibitisha neno hili. Kompyuta ya Altair 8800, iliyouzwa Marekani mwaka 1975 kwa watu waliotaka kujiundia wenyewe, ilikuja na baiti 256 za kumbukumbu, yaani herufi 256 tu. Wenyewe wakaona haraka kwamba hazitoshi, wakaongeza. Lakini mwezi wa Julai mwaka 1969 binadamu walikuwa wamekwisha kushuka mwezini wakiongozwa na kompyuta ambayo kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa kiasi cha kilobaiti 4. Mashine ya gigabaiti 8 inayo zaidi ya hiyo mara milioni 2. Sisemi kwamba kijana wa Baba Dogo aridhike na kilobaiti 4. Chombo kile kilikuwa na kazi chache, na kwa kila kazi watu hodari walikuwa wamepima kila neno. Nasema kwamba kidogo kile kilitosha kwa sababu kazi ilijulikana, na vingi tulivyo navyo havitutoshi mara nyingine kwa sababu kazi yetu hatujaijua.

Kuijua kazi yako kwaonekana rahisi, lakini kwataka ukweli, na ukweli juu ya nafsi ni mgumu kuliko ukweli juu ya jirani. Kijana asemapo, "Nahitaji 32, nitahariri filamu," na ajiulize kama filamu hiyo ipo, au kama ziko hesabu tu za kutajia wenzake kibarazani. Majivuno hupenda tarakimu kubwa kwa kuwa tarakimu haziulizi kitu. Ubahili nao ni uongo wa namna ya pili. Mwenye saiba akiweka mashine hafifu kwa kuwa amejidanganya kwamba kazi za wateja ni ndogo, hakuokoa fedha. Amehamisha gharama kutoka mfukoni mwake akaitia katika saa za watu wangojao kuchapa barua za kuombea kazi. Mwenye majivuno hudhulumu nyumba yake, na bahili hudhulumu jirani zake. Wote wawili wamekosea hesabu kwa kuwa kwanza wamekosea ukweli.

Hapa msomaji mwenye akili kali aweza kunipinga. Atauliza kama si vibaya kumhubiria kiasi kijana asiye na kitu, hali matajiri hununua wapendavyo bila ya kuulizwa. Swali lake ni la haki. Mahubiri ya kuridhika yatokayo kwa walioshiba kwenda kwa wenye njaa mara nyingi ni hila. Lakini sikusema kijana achukue kidogo. Nilisema achukue kadiri ya kazi yake, na kadiri hiyo pengine ni kubwa. Ikiwa filamu za arusi ndizo zitakazolipa karo ya dada yake kwa mihula mingi, kununua 8 kwa kumhurumia dada ni huruma ya siku moja, na mashine isiyoweza kazi itawanyima wote wawili. Lakini ikiwa kazi hiyo bado ni ndoto, ni dhuluma kumlipisha dada bei ya ndoto ambayo hakuiota. Tarakimu ile ile yaweza kuwa wajibu kwa kijana mmoja na kosa kwa mwingine. Kwa hiyo asitazame mashine ya rafiki yake. Na atumie kompyuta ya kuazima juma moja kwa kazi yake ya kweli, atazame kila siku mahali ambapo mashine huonyesha kumbukumbu iliyotumika, aandike, kisha ndipo aende mjini kununua.

Liko jambo moja ambalo waundaji wa mashine hizi wametufundisha labda bila ya kukusudia. Madabodi nyingi za kompyuta za mezani zina nafasi mbili au nne za vibao vya kumbukumbu. Kijana aweza kutia kibao kimoja cha gigabaiti 8 na kuacha nafasi ya pili wazi. Atapoteza mwendo kidogo, kwa sababu vibao viwili hufanya kazi bega kwa bega. Na kabla ya hapo imempasa ahakikishe kwamba nafasi ile ni nzima na kwamba ubao wakubali nyongeza. Lakini akiisha kufanya hivyo, amepata njia ambayo washauri wetu wawili waweza kuipita pamoja. Hakukata mbeleko kabla ya mwana, wala hakumfungia mwana mlango. Nafasi iliyoachwa wazi kwa kujua ni namna ya kuiheshimu kesho ambayo hatujaiona.

Enyi vijana msomao kurasa hizi, wengi wenu hamtaunda kompyuta, lakini kila mmoja wenu ataulizwa swali lile lile juu ya nguo, juu ya chakula, juu ya maneno na juu ya mamlaka. Msikimbilie tarakimu. Iulizeni kazi kwanza, na mjijibu kweli. Mtu aijuaye kazi yake amekwisha kujua nusu ya kadiri imtoshayo. Nusu ya pili ataijua akikumbuka ni nani wengine walao katika chungu kile kile.