Ssebo, extend!

Nilipofika Kampala kutoka Bukavu, nilidhani "extend" ni neno la makaratasi tu. Siku ya kwanza kupanda teksi, hizi za abiria 14, kondakta akaniambia, "Ssebo, extend!" Nikabaki namtazama. Jirani yangu akacheka: "Sogea kidogo, mwenzako akae."

Kamusi inasema ni kurefusha, kuongeza. Mtaani Kampala ni kujibana ili mwingine apate nafasi.

Ile maana ya kamusi niliikuta ofisini. Karatasi yangu ya muomba hifadhi ikikaribia kuisha naipeleka, wanai-extend: muhuri, tarehe mpya, nenda nyumbani. Mara tano sasa.

Nimewaza sana tofauti iko wapi. Kiswahili chetu kinayo: kusogea na kusogeza. Kwenye teksi anasogea yule aliyekwisha kukaa, na goti lake linabanwa. Ofisini hakuna aliyesogea. Imesogezwa siku yangu, na anayebanwa ni mimi niliyekuja kuomba. Simlaumu karani, naye ana mkubwa wake. Tena bila muhuri ule ningetembeaje? Lakini kuongezewa muda wa kungoja si kupewa nafasi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006, iliyoturuhusu kufanya kazi na kutembea nchini, hiyo ndiyo nafasi: hapo Uganda yenyewe ilijibana kidogo.

Basi nilikuwa nimeridhika na hoja yangu, mpaka asubuhi moja pale pale ofisini. Nilikuwa kwenye benchi, begi langu pembeni, namwekea rafiki yangu nafasi. Akaja mama wa Sudan, mtoto mgongoni, mwingine mkononi. Vita vya kwao vilianza 2023; sisi wa Kongo tuko hapa miaka mingi. Moyoni nikasema, "Hawa nao wamekuja kutuongezea foleni." Nikamwonyesha ukuta, asimame pale, benchi litapungua watu baadaye.

Yaani nami nilimsogezea siku. Sikusogea.

Niliona aibu, nikaondoa begi. Alikaa bila kusema kitu, hatuna lugha moja. Rafiki yangu alipofika alisimama, akaninunia hadi mchana. Hiyo ndiyo ilikuwa gharama yake, wala si kubwa.

Siku hizi mtu akiniomba nafasi najiuliza: hapa nasogea mimi, au namsogeza yeye? Ndugu mnaotuhudumia, swali hilo nawaachia na ninyi.