Jumanne: Martha Kabla ya Pasaka

Soma Luka 10:38-42 na Yohana 12:1-3. Ni nini kilichobadilika kwa Martha, na ni nini kilichobaki vilevile?

Bethania ilikuwa kilometa 3 hivi kutoka Yerusalemu. Yesu alifika huko siku 6 kabla ya Pasaka, sikukuu ambayo kila nyumba ilipaswa kuondoa chachu yote (Kut. 12:15, 19). Kazi ya usafi ilikuwapo, na mgeni naye ndiye huyu.

Katika ziara ile ya Luka, Martha alimlalamikia Mgeni mwenyewe juu ya dada yake. Yesu hakukemea upishi wala ufagio. Alitaja mahangaiko yake. Katika Yohana, Martha bado anatumikia na Mariamu yuko tena miguuni pa Yesu, lakini hatusomi lalamiko lolote kutoka kwa Martha.

Desemba, wageni wanapotoka mjini, mapazia hufuliwa, kuta hupakwa chokaa na vyombo vizuri hushushwa kabatini. Machweo ya Ijumaa humkuta mama amechoka, sauti imemkauka kwa kugombeza watoto, hata hawezi kuimba wimbo wa kufungua Sabato. Kumwambia awe kama Mariamu hakumsaidii, ikiwa masufuria yote yanamsubiri yeye peke yake.

Wageni wanapotarajiwa nyumbani kwenu, ni nani huachiwa kazi? Baba na watoto wachukue sehemu ipi kabla ya Ijumaa?