Ziada ya Maji ya Kisima

Katika nchi ya Singida mvua huja msimu mmoja tu, yapata Novemba hata Aprili. Mwezi wa Oktoba, jua likiwa kali, atakaye mchicha na nyanya hana budi na kisima, kwani maji ya ziwa Singidani ni ya chumvi.

Basi mtu amechimba kisima shambani mwake, akamwagilia matuta matatu. Jioni jirani mfugaji akaleta ng'ombe wenye kiu. Imamu Nawawi katika Minhaj amebainisha: maji yaliyozidi haja ya mwenyewe ni wajibu kupewa wanyama, wala si wajibu kupewa mimea ya mwingine. Sababu yake ni heshima ya roho.

Wengi hudhani mas'ala yamekwisha hapo. La. Haja mpaka wake ni wapi? Mwenye kisima akiongeza tuta la nne na la tano, ziada imetoweka, naye hakumnyima mtu! Kupanda mboga za kuuza ni halali, nayo ni haja, hapana lawama. Bali aliyeongeza tuta baada ya kuwaona ng'ombe, kadhi hana la kumshika, na nia yake aijua Mola wake. Ng'ombe nao wangali wamesimama ukingoni, wakinusa tope.