Deni la Msomaji

Siku hizi wengi wetu tunajifunza kwa masikio. Tuko jikoni tunachambua mchele, tuko kwenye daladala, tuko dukani tukisubiri wateja, na simu inatusomea: leo sura tatu za Biblia, kesho historia ya Kanisa, keshokutwa kitabu cha malezi ya watoto. Na jambo hili limetupata karibu sote: kitabu ni kizuri, mwandishi anajua anachokisema, lakini anayesoma anatushinda. Anakimbia kama anayefukuzwa, au anasoma kwa sauti ile ile mwanzo hadi mwisho, kama anayetangaza majina ya watahiniwa. Dakika kumi hazijaisha mawazo yetu yako kwingine, na sura ikimalizika hatujui tumesikia nini.

Je, hapo kuna mtu aliyekosewa? Au ni suala la kupenda na kutopenda tu, kama chumvi kwenye mboga?

Wapo ndugu watakaosema kwamba Neno la Mungu lina nguvu yake lenyewe, halihitaji sauti ya mwanadamu kulipamba. Ni kweli, wala hatutaki kulipunguza hilo. Lakini Mungu huyo huyo ndiye aliyechagua kulipitisha Neno lake katika vinywa vya watu. Paulo anawaeleza Warumi, katika sura ya 10, kwamba mtu huamini kwa sababu amesikia, na atasikiaje pasipo mwenye kuhubiri? Luther naye alipenda kulifananisha Kanisa na nyumba ya kinywa kuliko nyumba ya kalamu. Na katika Nehemia 8, Ezra anapoifungua torati mbele ya watu kwenye uwanja wa Lango la Maji na kuisoma tangu asubuhi hadi adhuhuri, mwandishi anaona umuhimu wa kutuambia jinsi ilivyosomwa: kwa kueleweka, na maana ikafafanuliwa. Baada ya hapo ndipo tunapoambiwa kwamba watu walilia.

Zamani, hata mtu aliyekuwa peke yake mara nyingi alisoma kwa sauti. Agostino anasimulia katika Maungamo yake, kitabu cha 6, jinsi Askofu Ambrosi wa Milano alivyokuwa akisoma kimya, macho yakipita kwenye kurasa na ulimi umetulia. Aliliona ni jambo la kuandikwa. Na yule towashi Mwethiopia katika Matendo 8, laiti angekuwa anasoma kimoyomoyo garini mwake, Filipo asingejua pa kuanzia.

Sasa tuangalie sauti inafanya nini hasa. Lugha yetu inatuonyesha wazi. Katika Kiswahili, sentensi ya kueleza na sentensi ya kuuliza zinaweza kuwa na maneno yale yale katika mpangilio ule ule. "Mama amerudi" ni habari. "Mama amerudi?" ni swali. Kinachozitenga ni sauti peke yake. Basi tufungue Mwanzo 4. Mungu anamwuliza Kaini aliko Habili. Kaini anasema hajui, kisha anarudisha swali kama yeye ndiye mlinzi wa ndugu yake. Katika Biblia ya Union Version, ambayo wengi wetu tumekua nayo, swali hilo halina "je" mbele yake. Limebebwa na alama ya kuuliza tu, na alama hiyo msikilizaji haioni. Msomaji asiyeinua sauti mahali hapo anamfanya Kaini akiri wajibu ule ule alioukana. Hajaongeza neno wala hajapunguza, na bado ameigeuza habari.

Turudi nyuma sura moja. Mungu anamwita Adamu bustanini na kumwuliza yuko wapi. Ni maneno mawili. Unaweza kuyasoma kama askari anayemsaka mtuhumiwa, na unaweza kuyasoma kama mzazi ambaye jua limezama na mtoto hajarudi nyumbani. Aliyeyasoma kwa ukali amekwisha kuhubiri mahubiri mazima, na anayesikiliza akiwa anafua nguo hatajua kwamba amehubiriwa. Atajua tu kwamba Mungu wa Mwanzo anatisha.

Hata kutua ni kufasiri. Wasomi wa Kiyahudi walioitunza Biblia ya Kiebrania, kati ya karne ya 7 na ya 10, waliweka alama ndogondogo kwenye maandishi ili msomaji ajue mahali pa kutua na mahali pa kuendelea. Katika Isaya 40:3 alama hizo zinatenganisha ile sauti inayolia na lile neno "nyikani": sauti inalia, na njia ndiyo inayotakiwa kutengenezwa nyikani. Katika Marko 1:3 anayelia ndiye aliye nyikani, na hapo tunamwona Yohana Mbatizaji. Tofauti hiyo kubwa imesimama juu ya pumzi moja. Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema msomaji ni bomba tu, maji yanapita. Kila anapovuta pumzi amechagua kitu.

Na anawachagulia kina nani? Hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Mwenye macho mazima na kitabu mkononi akisikia kitu kimemtatanisha, anafungua ukurasa na kuhakikisha. Asiyeona hana njia hiyo. Bibi ambaye hakupelekwa shule hana. Mzee ambaye maandishi ya Biblia yake yamegeuka ukungu hana. Kwao msomaji ndiye kitabu chote. Vitabu vya sauti vyenyewe vilianza kwa ajili ya watu kama hao. Nchini Marekani vilianza kutolewa kwa wasioona mwaka 1934, vikiwa kwenye santuri, na sehemu za Biblia zilikuwa miongoni mwa vya kwanza. Uingereza ilifuata mwaka 1935, na mmoja wa waliosukuma kazi hiyo alikuwa Ian Fraser, askari aliyepoteza macho katika vita vya Somme mwaka 1916. Kitabu kimoja kiliweza kujaza santuri kumi au zaidi. Tukifikiria mtu aliyepofuka vitani akizibadilisha santuri moja baada ya nyingine ili amalize hadithi, tunaelewa kwa nini kusoma ovyoovyo si kosa dogo. Amri ya kumpenda jirani inafika mpaka kwenye nukta na mkato.

Ila kuna hatari ya upande wa pili, na pengine ndiyo inayotunasa zaidi sisi tulio na uchaguzi. Sauti nzuri huvutia yenyewe. Katika Ezekieli 33:32 Mungu anamwambia nabii wake kwamba watu wanamsikiliza kama wanavyomsikiliza mwimbaji mwenye sauti tamu na mpiga kinanda hodari: wanayasikia maneno, hawayatendi. Agostino alihangaika na jambo hilo hilo. Katika kitabu cha 10 cha Maungamo anamkumbuka Athanasio, askofu wa Aleksandria, aliyemtaka msomaji wa zaburi apandishe na kushusha sauti kidogo sana, iwe karibu na kusema kuliko kuimba. Agostino mwenyewe hakufika huko. Alijua jinsi nyimbo zilivyomliza alipokuwa mchanga katika imani. Lakini anakiri kwamba uimbaji ukimgusa kuliko kile kinachoimbwa, ametenda dhambi.

Tunajiuliza kama tuna ujasiri wa kujipima hivyo. Tukimaliza kusikiliza kitabu cha mafundisho, tunamwambia mwenzetu nini? Kwamba mwandishi ameeleza jambo fulani kuhusu neema, au kwamba yule msomaji ana sauti, jamani? Kwa maoni yetu, muziki unaowekwa chini ya usomaji wa Biblia mara nyingi hufanya kazi ambayo Maandiko yangeifanya yenyewe: unatuagiza tuhuzunike kabla hatujapata sababu. Wapo wanaoupenda, nasi hatutawahukumu.

Usomaji mzuri, basi, tunauelewa kuwa ule wa mtu anayeelewa anachokisoma na anayetaka sisi tuelewe. Hauhitaji koo la dhahabu. Musa alilalamika mbele za Mungu kwamba ulimi wake ni mzito, na akatumwa hivyo hivyo. Wakorintho walisema maneno ya Paulo akiwa mbele yao hayana uzito, na bado tunazisoma barua zake. Kigugumizi si dhambi, wala lafudhi ya kwetu si dhambi. Kutojiandaa ni jambo lingine kabisa, na tusilifunike kwa vazi la unyenyekevu.

Hapo msikilizaji naye ana deni lake. LibriVox, kazi iliyoanzishwa na Hugh McGuire huko Montreal mwaka 2005, hukusanya watu wa kujitolea wanaosoma vitabu ambavyo haki zake zimekwisha muda, na kuvitoa bure. Hukubali kila sauti. Makosa ya maneno na ya kurekodi husahihishwa, lakini namna ya mtu kusoma haikosolewi mpaka mwenyewe aombe. Wengine huona huo ni ulegevu. Sisi tunaona kuna adabu ndani yake: mtu ametoa jioni zake ili nipate kitabu bila senti, nami nimfunge mdomo kwa kuwa sauti yake ni ya puani? Na simu zetu zina kitufe cha kuongeza kasi. Kwa taarifa ya habari hakuna neno. Lakini Zaburi ya 22 kwa kasi ya mara moja na nusu, kilio kile kikipita kama tangazo la sabuni, hapo usomaji mbaya tumeutengeneza wenyewe.

Kuhusu sauti za mashine, tunakwenda polepole. Mwanafunzi asiyeona anayetaka kusoma kitabu cha kemia usiku huu, na hakuna mtu aliyekirekodi, tumwambie asubiri nani? Programu hizo zimewafungulia wengi milango ya elimu, na wasioona wengi huzitumia kwa ufasaha unaotushangaza. Kwa Kiswahili bado zinajikwaa. Neno "barabara", kwa mfano, linategemea mkazo kujulikana kama ni njia ya magari au ni sawasawa, na mkazo unahitaji kuelewa sentensi. Hilo huenda likarekebishwa. Shida yetu kubwa ni nyingine: mashine inaposoma maneno ya Mungu kwa Adamu, hakuna mtu wa kumwuliza kwa nini ameyasoma kwa ukali. Tungependa nyuma ya Maandiko yanayosomwa usharikani pawe na mtu tunayemjua, anayeweza kujibu.

Na mtu huyo tumsaidie. Vijana wanaorekodi masomo ya kipaimara na kuyatuma kwenye makundi ya simu wapewe sura siku kadhaa kabla, si dakika tano kabla, wapate kuuliza jinsi ya kutamka Nebukadreza na kujua nani anasema na nani. Rekodi ikishakamilika, isipelekwe kwanza kwa mchungaji. Yeye anaijua habari, masikio yake yatajaza mapengo bila yeye kutambua. Ipelekwe kwa yule bibi asiyesoma. Aketi, asikilize hadi mwisho, na mahali atakaposema, "Hapo sijaelewa, mwanangu," ndipo pa kurekodi upya.