Mjumbe Hauawi: Je, Basi Hana Kosa?

Wahenga wetu walituachia neno hili: mjumbe hauawi. Maana yake ni wazi. Mtu aliyetumwa kuleta habari ya vita, au ya deni, au ya msiba, asipigwe kwa ajili ya maneno aliyoyaleta, kwa kuwa maneno si yake. Neno hili ni jema, nalo limeokoa roho za watu wengi. Lakini leo nataka tulipime kidogo, kwa sababu mtoto mmoja aliniuliza swali, nami nikamjibu kwa neno hilo, na jibu langu halikuwa kamili.

Ilikuwa Kwaresima ya mwaka 2022. Hapa Runingu, katika uwanda wa Ruzizi kaskazini ya Uvira, siku ya Alhamisi tarehe 24 Machi, niliwakuta vijana wangu wa Kipaimara wamesongamana chini ya mwembe, wakitazama simu ya mmoja wao. Ilikuwa sinema fupi ya Warusi. Siku mbili nyuma, yaani Jumanne tarehe 22 Machi, walikuwa wamerusha setilaiti moja ya jeshi lao kutoka Plesetsk, mahali pa baridi sana kaskazini ya Urusi. Roketi ililetwa imelala juu ya reli, kama mzigo wa garimoshi. Kisha ikainuliwa polepole mpaka ikasimama. Ikajazwa mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, pamoja na oksijeni iliyopoozwa hata ikawa maji. Halafu moto, moshi, na kishindo. Na ile nguzo kubwa ikapanda, ikatoweka katika mawingu. Vijana wakapiga makofi. Nami, sitaficha, nikapiga makofi pamoja nao.

Ndipo binti mmoja, mpole wa tabia, akasema: «Mwalimu, chombo hiki ni cha kupeleka habari za askari. Kikipeleka amri ya kuua watu, je, chenyewe kina dhambi?»

Nikajibu upesi: «Mwanangu, mjumbe hauawi.» Wote wakacheka, tukaingia darasani. Lakini usiku ule usingizi uliniruka, nanyi mtajua sababu yake baadaye.

Kwanza tujue chombo chenyewe. Jina lake ni Meridian-M, nacho kilirushwa kwa roketi iitwayo Soyuz-2.1a. Hakibebi bomu wala bunduki. Kazi yake ni kupokea sauti na maandiko kutoka mahali pamoja pa dunia na kuyarudisha chini mahali pengine, ili mkuu aliye mbali aseme na meli zake, ndege zake na askari zake. Ni tarishi tu, ila njia yake iko juu angani.

Na njia yake ni ya ajabu. Setilaiti nyingi za simu na televisheni hukaa juu ya mstari wa ikweta, umbali wa kilometa 36,000 hivi, zikizunguka sawasawa na dunia, hata kwetu ni kana kwamba zimesimama. Sisi tulio karibu na ikweta tunazo juu ya vichwa vyetu. Lakini mtu wa kaskazini kabisa huziona chini mno, karibu na ukingo wa mbingu, na penye ncha ya dunia hazionekani kamwe. Kwa hiyo Warusi walitafuta njia nyingine, mduara mrefu wenye umbo la yai. Upande wa kusini chombo hupita karibu na dunia kwa mbio kubwa. Upande wa kaskazini hupanda hata kilometa 40,000 hivi, na huko juu hukawia, kama chungwa ulilolirusha linavyokawia kabla ya kuanguka. Mzunguko mmoja huchukua saa 12 hivi, na sehemu kubwa ya saa hizo chombo kinatazama nchi za kaskazini.

Njia hiyo walifaulu kuitumia mara ya kwanza tarehe 23 Aprili 1965, kwa setilaiti iliyoitwa Molniya, maana yake umeme wa radi. Na tangu mwaka 1967 setilaiti za jina hilo zilipeleka picha za televisheni kutoka Moscow mpaka miji ya mbali ya Siberia, hata watu wa huko wakaona michezo na nyimbo kama wenzao wa mji mkuu. Lakini zilibeba pia maneno ya jeshi. Tarishi ni yule yule, ila mikoba yake ilikuwa miwili: mmoja wa nyimbo, na mmoja wa amri za vita.

Basi, tumjibu yule binti. Chombo chenyewe hakina dhambi. Dhambi yataka akili ya kujua na uhuru wa kuchagua, nacho hakina akili wala uhuru. Panga halina dhambi, wala wino hauna. Amri ya «ueni» na amri ya «acheni, rudini nyumbani» zote hupita ndani yake bila yeye kutambua lolote. Hapa neno la wahenga linasimama.

Lakini je, mjumbe akiwa mtu? Tukumbuke habari ya Uria katika kitabu cha pili cha Samweli. Mfalme Daudi alimtwaa mke wa Uria, kisha akaandika barua kwa Yoabu, mkuu wa majeshi, kwamba Uria awekwe mahali vita vilipo vikali, na wenzake wamwache, ili afe. Na ni nani aliyepewa barua ile aipeleke? Ni Uria mwenyewe! Alisafiri na mauti yake mkononi, naye hakujua. Uria hakuwa na kosa hata kidogo. Na Nathani nabii alipotumwa na Mungu kukemea, alikwenda moja kwa moja kwa Daudi, mtunga barua.

Lakini Yoabu je? Yeye aliisoma. Alijua kilichoandikwa, naye akatenda. Hawezi kusema: «Mimi ni mtu wa kupokea amri tu.» Tazameni basi, ndugu zangu: barua ni ile ile, lakini mmoja aliibeba bila kujua, na mwingine aliitimiza akijua. Kosa linafuata ujuzi na hiari.

Na wale mafundi waliokaza misumari ya roketi kule Plesetsk? Mwezi mmoja kabla, tarehe 24 Februari 2022, majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia katika nchi ya Ukraine, na damu ilikuwa inamwagika. Nisiwahukumu watu nisiowajua. Nilipokuwa seminarini tulifundishwa hivi: anayesaidia tendo baya huku akilitaka, ana kosa pamoja na mtendaji. Anayesaidia bila kulitaka, budi apime: msaada wangu uko karibu na ubaya ule, au mbali? Nina sababu nzito, au ni mshahara tu? Je, bila mimi lingetendeka? Jeshi laweza pia kulinda wanyonge, na simu ya jeshi yaweza kupeleka amri ya kusitisha mapigano. Kwa hiyo fundi hahukumiwi kwa neno moja. Lakini hawezi kunawa mikono kama Pilato na kusema hayamhusu.

Sikilizeni sasa habari ya Mrusi mwingine, ambaye jina lake linastahili kujulikana hata hapa kwetu. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983 afisa mmoja wa jeshi, Stanislav Petrov, alikuwa zamu karibu na Moscow. Kazi yake ilikuwa kupokea habari za setilaiti za kulinda, si za kupeleka maneno, bali za kuona kama Marekani inarusha makombora. Mara mitambo ikalia: kombora limerushwa! Kisha likaja la pili, hata yakatimia matano. Mjumbe wa angani alikuwa amesema. Kama Petrov angalipeleka habari ile juu kwa wakubwa kuwa ni kweli, huenda wangalijibu kwa mabomu ya atomiki. Lakini alijiuliza: mtu anayetaka kuanza vita ya namna hii, je, angerusha makombora matano tu? Akawaambia wakubwa kwamba mitambo imekosea. Na kweli ilikuwa imekosea. Mwanga wa jua uliopiga mawingu ya juu ndio uliodanganya mitambo.

Petrov hakuwa mtunga habari. Alikuwa katikati tu, mtu wa kupokea na kupeleka, lakini alijua kwamba kuwa katikati hakumwondolei mtu dhamiri yake.

Sasa nieleze kwa nini sikulala. Miaka kadhaa kabla ya siku ile, usiku mmoja nilipata habari katika simu: kwamba watu wabaya wanashuka kutoka milimani, nao watapita kwetu kabla ya mapambazuko. Aliyeniletea alikuwa mtu ninayemwamini, naye aliipata kwa mwingine. Sikuuliza. Niliipeleka kwa watu 12. Nilisema moyoni: nawaokoa jirani zangu. Kulipokucha, vijana waliokesha njiani wakamkamata mtu mgeni mwenye baiskeli, mchuuzi wa vitenge aliyekuwa akienda sokoni. Wakampiga mpaka wakamvunja mkono. Hakuna watu wabaya walioshuka usiku ule.

Watu waliponiuliza, nilijibu: «Mimi nilipeleka tu habari kama nilivyoipata.» Nilijificha nyuma ya mithali ya wahenga. Lakini moyo haukutulia, nikaenda kumwona yule mtu, nikachukua unga kidogo na fedha za dawa. Alinipokea kwa adabu, akanikaribisha kiti. Nilipomaliza kuomba radhi, akanyamaza kitambo, halafu akasema: «Mwalimu, wale vijana waliniambia walipokuwa wakinipiga: habari hii imetoka kwa Mwalimu, si uongo. Jina lako ndilo lililonivunja mkono.»

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipojifunza tofauti kati ya mtu na setilaiti. Setilaiti huirudisha habari kama ilivyopewa, haizidishi neno. Lakini mtu akipeleka habari, anaiongezea jina lake. Mama akisema, watoto wanasadiki kwa kuwa ni mama. Mzee akisema, ukoo unasadiki kwa kuwa ni mzee. Mwalimu wa dini akisema, watu wanasadiki kwa kuwa kila Jumapili wanamsikia akisoma maneno matakatifu. Habari ya mtu asiyejulikana ilipita mkononi mwangu ikiwa nyepesi kama unyoya, ikatoka ikiwa nzito kama jiwe. Uzito ule niliutia mimi. Kwa hiyo sikuwa kama Uria.

Wala mtu asiseme: basi nitafunga simu yangu, nisipeleke tena habari yoyote. Hilo nalo si jibu. Tunakumbuka usiku wa tarehe 6 Juni 2014, huko Mutarule, kaskazini yetu katika uwanda huu huu. Watu wasiopungua 30 waliuawa, na baadhi yao walikuwa wamekusanyika kusali. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwezi uliofuata kwamba askari wa nchi na wa Umoja wa Mataifa, waliokuwa kilometa chache tu kutoka hapo, walipata habari ya shambulio lile wala hawakwenda kulizuia. Usiku ule habari ilifika, haikukosa njia. Kilichokosekana ni mtu wa kuipokea kama inavyopasa na kuinuka. Waweza kukosa kwa kupeleka usichokijua, na waweza kukosa kwa kukalia kile unachokijua.

Basi kila mmoja wetu, kabla ya kubonyeza kile kitufe cha simu, ajiulize mambo matatu. Nani ameliona jambo hili kwa macho yake? Habari hii itamfanya msikilizaji aokoe mtu, au ampige mtu? Na ya tatu: niko tayari kusimama mbele ya huyo mtakayemkamata kesho na kusema, ni mimi niliyeisema? Ukishindwa la tatu, ngoja kwanza.

Kesho yake, Ijumaa tarehe 25 Machi, ilikuwa sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Siku hiyo Baba Mtakatifu Fransisko aliziweka Urusi na Ukraine katika Moyo Safi wa Maria, akiwaalika maaskofu na waamini wote wasali pamoja naye. Sisi nasi tulisali katika kanisa letu dogo, tukiwaombea watu wa nchi mbili ambazo wengi wetu hatutaziona kamwe.

Baada ya sala nilimwita yule binti. Nikamwambia: «Jana nilikujibu nusu. Chombo hakina dhambi. Mtu aweza kuwa nayo.» Kisha nikamkumbusha Injili ya siku ile. Malaika Gabrieli alikuwa mjumbe mwaminifu, aliyetumwa na Mungu mwenyewe. Na hata hivyo Bikira Maria hakuitika papo hapo. Alifikiri kwanza maana ya salamu ile, akauliza, na alipojibiwa ndipo akakubali.

Kama habari iliyotoka mbinguni iliulizwa namna hiyo, je, zile zinazotoka katika simu zetu?